Uso wa Koko kwenye Kopo

Akheri,
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Princess,

Salamu utazikuta mwishoni, kama umezistahili. Naandika kwa mkono wangu, mwandiko ni wa darasa la nne na usinicheke. Kwenye simu nimekuchoka. Nikikuuliza jambo unaniita Koko wangu mpenzi, halafu mtandao unakatika palepale. Karatasi haikatiki. Philemoni wa gari la maziwa nimemwambia asiondoke hapo Olasiti mpaka akuone umeishika.

Yale makopo matatu ya mafuta ya uso uliyoniletea, yenye sura yangu na kilemba changu cha kanisani, niliyaona mazuri mno kukaa kabatini. Nikayapeleka kanisani Jumapili ya mavuno. Wenzangu walibeba mikungu ya ndizi, mayai, majogoo wamefungwa miguu. Mimi Koko, bibi yako, nikaweka madhabahuni makopo matatu yanayonitazama. Mwinjilisti Nathanaeli akayaombea pamoja na ndizi, tukatoka nje kwenye mnada, mzee Ephraimu akayanadi na watu wakayagombania. Walisoma wenyewe pale kwenye kopo: asilia asilimia mia, parachichi la shamba la bibi yangu mlimani Meru, halijaguswa na dawa.

Moja alilichukua Mama Elinipa, jirani yangu wa chini ya mfereji, akampa binti yake anayeolewa tarehe kumi na mbili mwezi ujao.

Leo nilikwenda kwao kuazima ungo. Elinipa alikuwa amejifunika khanga mpaka machoni, nikadhani ni aibu ya uchumba. Nikaivuta. Princess, mashavu ya mtoto yule ni mekundu, yanang'aa kama kitunguu kilichomenywa, na karibu na masikio ngozi imebabuka. Mwanzoni alitakata, watu wakamsifu. Baadaye yakaanza kuchoma. Nikamuuliza kama bado anayapaka.

"Bado, Koko. Yameombewa."

Umesikia? Yakichoma anaongeza. Unajua kwetu kilichotoka madhabahuni hakitupwi wala hakirudishwi. Mama yake ameona haya kuja kwangu, asionekane anadai sadaka. Nimemwambia Elinipa aache leo hii. Ameitikia kwa kichwa, na mimi kichwa cha mtu sikiamini.

Sasa niandikie ndani ya kopo kuna nini. Sitaki hadithi.

Marahaba, kama umeamkia.

Bibi yako,
Anande


Olasiti,
Jumatano, 18 Septemba 2024

Shikamoo Koko wangu,

Nimecheka peke yangu nilivyomwona Philemoni amesimama mlangoni kama askari. Hata kalamu nilikuwa sina, nimeazima kwa mpangaji mwenzangu.

Pole sana kwa Elinipa. Lakini usiogope, Koko. Ngozi ikianza kusafishwa hutoa uchafu wa ndani, wateja wengi wanapitia hapo na baadaye wananishukuru. Akae mbali na jua. Inawezekana pia amechanganya na kitu kingine, maharusi wa siku hizi wanapaka kila wanachoambiwa. Ndani ya kopo ni parachichi, nta ya nyuki na vitu vya asili. Hakuna cha kumdhuru mtu.

Sasa sikia habari njema. Alhamisi ya tarehe 26 nakuja na wanunuzi wa maduka ya hoteli za watalii. Wanataka kuliona shamba na kukuona wewe. Wakiridhika, kopo letu litakaa hotelini kuanzia hapa mpaka Karatu. Wazungu watakuwa wananunua uso wako, Koko.

Nakuomba mambo mawili tu. Uvae kile kilemba. Na lile bomba la kupulizia dawa ya shamba ulipeleke kwa jirani siku hiyo. Wakikuuliza, sema tunatumia samadi na majivu. Samadi si tunatumia kweli?

Nimehangaika sana kufika hapa. Usiniangushe.

Mjukuu wako,
Princess


Akheri,
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Wewe Princess,

Elinipa hana uchafu wa ndani. Ni mtoto aliyekua mbele ya macho yangu, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Ukisema tena neno hilo nitakuja huko kwa miguu yangu.

Jana nimewasindikiza yeye na mama yake kwa daktari. Daktari alilisoma kopo pande zote, akaniangalia mimi, akaangalia picha, akacheka kicheko kisichonifurahisha. Akasema parachichi haliwezi kumfanya mtu hivi, na akataka kujua aliyelitengeneza ameweka nini. Nikanyamaza. Mimi, Anande, nikanyamaza mbele ya kijana ambaye ningeweza kuwa nimemlea. Akasema asipojua kilichomo atakuwa anatibu gizani, na kuna dawa ambazo mtu akiziacha ghafla uso unaripuka zaidi. Sasa hata lile la kumwambia aache sijui kama nilimsaidia au nilimwua.

Tuje kwenye bomba. Hebu niambie, nani alikuwa ananichotea maji ya bomba hilo akirudi shule? Tunapulizia kahawa na parachichi tangu babu yako yupo hai. Mlima mzima unajua. Mtu akipita barabarani anasikia harufu. Na wewe umeandika halijaguswa, chini ya kidevu changu.

Na uliponipiga picha ile ulisema ni ya kuweka sebuleni. Mapishi ya bibi yangu, umeandika. Mapishi gani? Mimi nimepaka mafuta ya mgando ya dukani tangu usichana wangu, na kabla ya hapo nilipaka ya ng'ombe. Sijawahi kuchemsha cha kupaka usoni. Kopo lako lina maneno mengi kuliko mafuta.

Andika kilichomo. Achana na wazungu kwanza.

Anande


Olasiti,
Jumapili, 22 Septemba 2024

Shikamoo Koko,

Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikakasirika, nisamehe nikikosa adabu.

Philemoni ameniambia jambo ambalo wewe hukuliandika. Amesema siku ya mnada, kopo la kwanza lilidorora. Watu walikuwa wanalipitishapitisha tu mikononi. Ndipo ukasimama kando ya mzee Ephraimu, ukalishika, ukawaambia unajipaka kila usiku kabla ya kulala. Ukageuza shavu upande huu na upande huu. Ukasema, "Mimi ni mzee wa kuzikwa, niangalieni." Hapo ndipo Mama Elinipa alipopaza bei.

Kwa hiyo mimi niliandika kwenye karatasi, na wewe ulisema kwa mdomo, kanisani. Tusemane wote basi.

Nitakuambia ukweli. Nilianza vizuri, Koko. Nilichukua maparachichi yako, nikakamua mwenyewe jikoni, mikono ikawa ya kijani. Baada ya muda mfupi mafuta yakanuka. Wateja wakayarudisha wakiwa wameziba pua. Basi nikanunua krimu tupu kwa Almas, yule mwenye duka la vipodozi mjini, nyeupe, haina harufu, nikawa natia matone ya parachichi ipate rangi. Ni hilo tu. Na neno asilia kila mtu analiandika, hata kwenye sabuni ya kudekia. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alhamisi tunakuja. Nakuomba kwa magoti.

Princess


Akheri,
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Princess,

Jana umeondoka na wageni wako bila kuniaga. Hata chai yangu hukuigusa.

Kwanza lile la mnada. Ni kweli. Nilisema. Mke wa Ephraimu alikuwa ananiangalia kwa jicho lile la kuniuliza mjukuu wako wa mjini anafanya nini hasa, na mimi nikataka anyamaze. Ulimi ukatangulia. Nimeliandika, sitaliandika tena, na Philemoni nitamshughulikia kwa wakati wake.

La pili hulijui. Unadhani nilikaa nikipanga kukuaibisha. Jana alfajiri nililibeba lile bomba mwenyewe mpaka stoo ya Ephraimu, nikalifunika kwa gunia. Nikavaa kilemba. Nikaja kukaa barazani nikikariri samadi na majivu, samadi na majivu, kama mtoto wa kipaimara. Nilikuwa nimekusudia kukusemea. Umesikia? Nilikuwa nimekusudia.

Yule mama wa hotelini aliponiuliza kama tunapulizia, wewe ulisimama nyuma yake umekunja mikono kama unaomba. Hukuona kilichokuwa nyuma yako. Elinipa alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, jua la saa sita, khanga imefungwa uso wote yamebaki macho. Akapiga goti na mzigo wake kichwani, akasema shikamoo Koko. Kwa heshima ileile ya siku zote.

Basi mdomo ukakataa. Nikamwambia yule mama tunapulizia, na sijapika mafuta yoyote, na binti aliyepita ndiye aliyepaka. Uliona mwenyewe walivyokifunga kile kitabu chao cha oda.

Sasa sikiliza, na hili si la kubembelezana. Hiyo krimu tupu ya Almas haiwezi kumbabua mtu. Hata mimi wa darasa la nne naliona hilo. Kuna kitu umekificha. Jumapili nitasimama wakati wa matangazo nisemee makopo yote matatu, kwa sababu matatu yalitoka na mimi nimeona moja tu. Nikifika pale nikiwa najua kilichomo, watu watapona. Nisipojua, nitakuwa bibi kizee anayewatisha watu bure.

Philemoni anapita kwako kesho.

Anande


Olasiti,
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Koko,

Wanunuzi wamenitumia ujumbe. Hawataki tena. Umeridhika?

Mpe daktari haya. Ndani nilitia haidrokwinoni, ni dawa ya kung'arisha ngozi, imekatazwa. Nilitia na krimu ya tyubu ya hospitalini yenye steroidi, ile dawa ya kutuliza mwasho wa ngozi. Watu hawakutaka krimu inayolainisha tu. Walikuwa wananiandikia wanataka kuona matokeo ndani ya wiki, na mwenzangu mmoja wa saluni akanionyesha anavyofanya. Nilikuwa napima kwa kijiko cha chai. Sijui kiasi gani kiliingia kwenye kopo gani. Hilo ndilo sikutaka uliulize, kwa sababu sina jibu.

Almas hana kosa. Alinikataza nisiongeze kitu juu ya krimu yake, na nilimwambia ndiyo baba.

Mwambie Elinipa asiache wala asiendelee mpaka daktari aseme. Msomee hilo mara mbili.

Nakuomba usinitaje kanisani. Sema ni kampuni tu.

P.


Akheri,
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Princess,

Nimekutaja. Nimesema mjukuu wangu Princess, mtoto wa marehemu Aminiel, ametia dawa iliyokatazwa, na mimi nilisema najipaka nikiwa sijalifungua hata kopo. Kampuni gani? Kampuni ina sura yangu.

Daktari alishapelekewa karatasi yako Jumamosi hiyohiyo. Amembadilishia Elinipa dawa, na amesema itapunguzwa pole pole.

Pale kanisani mwinjilisti Nathanaeli akauliza makopo mengine yako wapi. Mke wa Ephraimu akasimama, akasema la kwake amekuwa akipaka nyufa za visigino, na visigino vimekuwa laini, je aendelee? Watu wakacheka, na mimi nikashukuru kicheko hata kama kilikuwa juu yangu.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Siku ile ya mnada ilikuwepo kwaya ya wageni kutoka Ngarenanyuki. Watu walichanga, wakalinunua kopo la tatu, wakampa zawadi mama mlezi wa kwaya, Mama Eliya. Leo mwalimu wa kwaya amepatikana kwenye simu. Anasema Mama Eliya hayupo, amekwenda Uwiro kwa binti yake aliyejifungua, simu yake haipatikani, na kopo amelibeba. Nikamuuliza la nini. Akasema aliwaambia wenzake hayo ndiyo mafuta atakayompaka mjukuu.

Mtoto mchanga, Princess. Na kijiko chako cha chai.

Wewe nenda. Asiende Philemoni, wala mimi, wala usimtume mtu wa bodaboda. Uzunguke mlima, uulize nyumba kwa nyumba mpaka uipate. Ukifika usiseme umetumwa.

Anande


Uwiro,
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Shikamoo Koko,

Nakuandikia hapahapa, karatasi nimepewa na binti mwenye mtoto. Vumbi limeniingia mpaka kwenye meno. Nimemwona mtoto. Ni wa kike, mzima, ngozi yake haina kitu. Nilimwangalia kabla sijasalimia, wakadhani nimechanganyikiwa.

Kopo lilikuwa juu ya kabati, kando ya kitabu cha nyimbo, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Halijafunguliwa. Mama Eliya alikuwa analingojea Jumapili hii, siku ya ubatizo, ndipo ampake mtoto mwili mzima. Alisema mafuta ya sadaka hayapakwi siku ya kawaida.

Kwanza nilijaribu njia yangu ya zamani. Nikamwambia kuna kosa dogo la kiwandani, nimekuja kumbadilishia. Akanijibu kwa upole kwamba sadaka haibadilishwi, ahsante mwanangu, kaa unywe uji. Nikamwambia nitamletea zuri zaidi. Akasema hili linamtosha, lina sura ya mama anayemfahamu.

Basi nikasema. Nikiwa nimeshika kikombe. Nikamwambia nimeweka nini, na nimeweka kwa nini, na Elinipa amekuwaje, na kwamba halina parachichi la kutosha kupaka kidole. Sijawahi kuyasema kwa sauti, Koko. Hata wewe nilikuandikia. Binti yake akamvuta mtoto kifuani. Mama Eliya akafungua kile kitambaa, akaniwekea kopo mapajani.

"Jipake nikuone."

Nikalifungua. Lilikuwa linanukia vizuri, nilikuwa nimetia manukato. Kidole kikafika kwenye krimu, hakikufika usoni. Nilishindwa. Miaka miwili nauza, sikuwahi kujipaka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Akaniambia, basi ondoka nalo.

Mlangoni akaniuliza kama bibi huyu wa kwenye kopo alikuwa anajua. Nilitaka kusema hajui chochote. Nikasema hakujua kilichomo, ila alilisifia kwa sababu alikuwa anajivunia mimi.

Makopo yaliyobaki stoo nitayapeleka mwenyewe kwa watu wa serikali wanaokagua vipodozi. Waliokwisha kununua nimeanza kuwapigia. Wengine wananitukana, mmoja amenisihi nimuuzie la mwisho.

Samahani, Koko. Samahani Elinipa. Mpe barua hii asome, samahani nyingi.

Princess


Akheri,
Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Princess,

Barua ya Uwiro imenifikia kupitia mwalimu wa kwaya. Nimeisoma mara moja, nikaenda kukaa nje kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Elinipa nilimpelekea. Hakuipokea. Amesema samahani ya karatasi imfikie mwenye uso wa karatasi. Nilitaka kumkemea, ni mdogo kwangu, nikaona sina pa kusimamia.

Uso wake umeanza kutulia. Wekundu unapungua, kuchoma kumekwisha, lakini limebaki baka jeusi shavu la kushoto na daktari hakumwahidi litatoka. Mashangazi zake wanataka apakwe poda nzito siku ya harusi lisionekane. Amekataa. Ataingia kanisani hivyohivyo, tarehe ileile, na bwana harusi amesema alimpenda kabla ya makopo.

Ila anataka kukuona. Hataki zawadi, wala usimbebee kitu chochote cha kupaka. Anataka ukae mbele yake mchana, nje, penye mwanga, umwangalie shavu mpaka yeye atakapochoka kuangaliwa.

Nimemwambia utakuja kesho baada ya ibada. Nimelisema mbele ya mama yake. Mama yake alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa, akaniuliza, "Anande, hilo nalo umelisema kama lile la mnadani?"

Nimerudi nyumbani nimekaa na swali lake tangu jioni, na Philemoni atakupitishia barua hii alfajiri.

Mjibu wewe.

Anande